Angalizo limeingia saa moja jioni: ufanye nini kabla ya kulala?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naishi Mabatini hapa Mwanza, nyumba yetu haiko mbali na Mto Mirongo. Nina watoto wanne, na mama mkwe tunaishi naye, hasikii vizuri. Mume wangu ana mitumbwi miwili ya dagaa mwalo wa Igombe. Mvua zikikaribia, ujumbe unaingia kwenye simu: Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa angalizo, wananchi mchukue tahadhari. Mwezi uliopita tuliitwa mkutano wa mtaa, tukasomewa mwongozo wa maafa kutoka wilayani, kurasa nyingi, tukashukuru tukaondoka. Naomba unieleze kwa maneno ya kawaida: hiyo tahadhari inachukuliwaje? Ujumbe ukiingia saa moja jioni, nifanye nini kabla ya kulala?"

Marahaba, dada yangu. Swali lako nimelirudia mara mbili kabla ya kuanza kuandika, kwa sababu nimekaa kwenye mikutano mingi ya namna hiyo, na mara nyingine mimi ndiye niliyekuwa nazisoma hizo kurasa. Najua watu wanavyoondoka pale. Maneno wameyaelewa, ila hawajui waanzie wapi.

Mwongozo mliosomewa unatokana na Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022. Inasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia Idara ya Menejimenti ya Maafa, na imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya na kata hadi kijiji na mtaa. Kwa hiyo maandishi yake yanaongea na watu wengi kwa wakati mmoja: mkuu wa wilaya, mganga, zimamoto, mtendaji na wewe. Ndiyo maana yanabaki juu juu. Kuyashusha hadi kwenye kizingiti cha nyumba yako ni kazi yako wewe na majirani zako. Mimi nikifundisha, kila sentensi ya mwongozo nawauliza watu hivi: nani, saa ngapi, ameshika nini? "Wakazi wa mabondeni wahame." Haya, nani anahama, saa ngapi, ameshika nini? Mpaka sentensi ijibiwe hivyo, hakuna aliyechukua tahadhari yoyote.

Tuanze na ujumbe wenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina ngazi tatu za kuonya. Angalizo ndiyo ya chini, rangi yake njano. Inafuata tahadhari, rangi ya chungwa, kisha tahadhari kubwa, nyekundu. Hapo watu huchanganya, maana neno tahadhari redioni linatumika pia kwa maana ya kawaida ya kujihadhari. Fungua ujumbe uone ngazi iliyotajwa ni ipi. Halafu teremka hadi mistari ya chini ambayo wengi hatuifikii: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Kimoja kinaweza kuwa chini na kingine kikawa juu. Mtu akiona uwezekano ni mdogo anaweka simu pembeni. Kwa anayekaa ghorofani Isamilo, sawa. Kwa wewe unayelala karibu na mto, uwezekano mdogo wenye athari kubwa unatosha kabisa kukufanya ulale na nguo za kutokea.

Na "mvua kubwa" ni kiasi gani? Kwa watu wa hali ya hewa ni milimita 50 au zaidi ndani ya saa 24. Inasikika kidogo, haifiki hata urefu wa kidole. Pima hivi: kila mita moja ya mraba inapokea lita 50, yaani madumu mawili na nusu ya lita 20. Bati la nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 linamwaga lita 3,000. Sasa toka nje utazame vilima vya mawe vinavyotuzunguka hapa mjini. Jabali halinywi maji. Kinachodondoka kule juu kinateremka, kinapita kwenye ngazi za watu, kwenye mitaro iliyojaa chupa na mifuko, kinaishia Mirongo. Kwa hiyo usiupime mto kwa mvua inayonyesha mlangoni kwako. Mabatini inaweza kuwa na manyunyu tu huku mzigo mzima ukiwa njiani unakuja kutoka juu.

Basi ni saa moja jioni na ujumbe umeingia. Cha kwanza ni mfuko. Mfuko mmoja, uning'inie kwenye msumari karibu na mlango wa kutokea, kimo cha bega, usiwe chini ya kitanda. Ndani yake vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho vya NIDA, kadi za kliniki na karatasi za kiwanja, vyote ndani ya nailoni iliyofungwa fundo. Dawa za mama mkwe. Tochi. Fedha kidogo, noti ndogondogo, maana usiku wa mafuriko wakala wa simu amefunga. Khanga mbili. Firimbi. Firimbi watu huisahau, lakini sauti ya mama aliyeita kwa dakika kumi inakauka, na firimbi haikauki.

Simu iwekwe chaji hapo hapo, kabla umeme haujakatika. Jaza maji safi madumu mawili yenye vifuniko, kwa sababu mto ukipanda unabeba vyoo vyote vya bondeni, na wiki inayofuata ndipo kipindupindu huanza kutafuta watu. Onyesha mtoto mkubwa swichi kuu ya umeme ilipo. Inazimwa kabla maji hayajafikia soketi. Ukiwa umeshasimama majini, usiiguse. Mtungi wa gesi uufunge. Na hata kukiwa na baridi ya mvua kiasi gani, jiko la mkaa lisilale chumbani na madirisha yamefungwa. Hewa ya sumu ya mkaa inayoua haina rangi wala harufu, na watu wamekufa hivyo wakikimbia baridi.

Watoto walale na viatu kando ya kitanda, wote chumba kilicho karibu na mlango wa kutokea upande wa juu. Mchana wa siku ya jua, siyo usiku huo, tembea nao njia mtakayopita, ninyi sita pamoja na bibi, mhesabu dakika. Mwende wapi? Msisubiri kituo cha serikali kiandaliwe. Kubaliana leo na ndugu, jirani wa juu au msharika mwenzako mwenye chumba mlimani, umwambie wazi: usiku wa mvua nitakuja kwako na watu watano. Ngazi ikiwa tahadhari kubwa, usilale nyumbani. Ondokeni saa mbili usiku mkiwa na viatu, tochi na nguvu zenu zote. Saa tisa za usiku mtakuwa mnabeba watoto ndani ya maji.

Majirani wa upande wako wa mto mchague alama moja, jiwe au nguzo ya daraja, mpake rangi. Maji yakifika pale, kila mtu anatoka, hakuna kuitana kikao. Vijana wawili wanakesha kwa zamu na tochi wakiwa mahali pa juu, wanapuliza firimbi. Na mkishatoka, msivuke maji yanayokwenda. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, yaani kwenye kifundo cha mguu na kidogo juu yake, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 yanabeba gari. Bajaji na bodaboda ndiyo usiseme, na dereva atakayekuambia "napajua hapa" anaijua barabara ya jana, hajui kama chini ya yale maji bado ipo.

Kuna jambo sitalificha hata kama linauma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ziwa. Pima kwa hatua zako kutoka ukingo wa Mirongo hadi mlangoni. Najua kiwanja kilinunuliwa kwa jasho na si rahisi kukiacha. Lakini kama mko ndani ya hizo mita, fedha mnayotaka kuongezea chumba hapo chini iwe ya kuanzia kiwanja kingine, hata kidogo, hata Buhongwa. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda hadi kuifikia na kuivuka alama ya mwaka 1964, na waliojenga wakiamini kwamba maji hayajawahi kufika pale walikuwa wanatumia kumbukumbu fupi.

Sasa nije kwa mitumbwi, maana mitumbwi ya mume wako inanitia hofu kuliko mto.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo, kwa taa. Na usiku ndiyo saa ya dhoruba za ziwa hili. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na upepo unavuma kutoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoa upesi, ziwa linabaki na joto lake, na upepo sasa unatoka nchi kavu kwenda majini, kutoka upande wetu, upande wa Uganda na upande wa Kenya, unakutana juu ya ziwa. Ukishakutana hauna pa kwenda ila juu, na unapanda na unyevu wa ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800. Hapo ndipo yanapozaliwa mawingu ya radi ya usiku wa manane hadi alfajiri. Kwa hiyo mvuvi anayeondoka Igombe saa kumi na mbili jioni akaona anga safi, anga hilo halijamwambia lolote kuhusu saa tisa usiku. Uzoefu wake wa kusoma mawingu ni wa kweli na nauheshimu, ila mawingu anayoyahitaji kuyasoma bado hayajazaliwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada hapa Mwanza na hutoa utabiri wa Ziwa Victoria peke yake: upepo, mawimbi, mvua za radi. Uliza mwaloni: nani anausoma, saa ngapi, anauandika wapi? Mialo yenye utaratibu mzuri ina ubao wa chaki karibu na mizani, na mtu wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi wenyewe kinachosimamia mwalo, anayeandika kila alasiri kabla mitumbwi haijatia mafuta. Kama Igombe hakuna, mume wako anaweza kununua ubao huo mwenyewe.

Lakini taarifa peke yake haimrudishi mvuvi nchi kavu. Kinachomzuia kurudi ni fedha, na hapa naomba umsomee mume wako maneno haya. Kwenye mialo mingi gharama ya mafuta inakatwa kwanza, kinachobaki ndicho kinagawanywa kati ya tajiri, yaani mwenye chombo, na wavuvi. Nahodha akiona umeme unapiga mbali saa saba usiku na ndoo bado tupu, anajua akirudi amerudi na deni. Anajiambia, ngoja nivute mara moja tena. Hiyo mara moja tena nimeisikia kwa vinywa vya waliookoka. Mume wako kama tajiri ana uwezo ambao si mimi wala mkuu wa wilaya tunao: awaite wavuvi wake mchana, mbele ya watu, aseme kwamba usiku wowote nahodha akigeuza chombo kwa sababu ya hali ya hewa, mafuta ni ya tajiri, na hakuna atakayeulizwa kwa simu. Aseme mwenyewe. Baada ya hapo nahodha apewe kipimo. Umeme ukimulika, ahesabu taratibu mpaka asikie ngurumo. Isipofika 30, radi iko ndani ya kilomita kama 10, na muda wa kuvuta nyavu umekwisha.

Kuhusu majaketi ya kujiokolea, ambayo wengi tunayaita maboya, nitakueleza nilichokiona. Nilifika mwalo mmoja jioni, nikauliza majaketi yako wapi. Yapo, wakaniambia, na kweli yalikuwepo: kumi na mbili, mapya, bado yako kwenye nailoni zake, ndani ya stoo iliyofungwa kufuli. Niliyaona kupitia ufa wa mlango. Mwenye ufunguo alikuwa amepeleka mzigo Kirumba. Mitumbwi ikatoka mbele ya macho yangu, mmoja baada ya mwingine, hakuna hata jaketi moja. Waliyafungia kwa nia njema, wakiogopa yasiibwe na yasichafuliwe na dagaa. Tangu siku ile nashauri kila mvuvi awe na lake lenye jina lake kwa rangi, akae nalo nyumbani kama anavyokaa na blanketi lake, na asiyekuja nalo asipande.

Kulijaribu ni kazi ya dakika moja. Mvuvi alivae, afunge mikanda yote pamoja na ule wa kupita katikati ya miguu kama upo, anyooshe mikono juu. Mwenzake alishike mabegani alivute kwenda juu. Likipanda hadi kufunika masikio, majini litamtoka. Likibaki kifuani, linafaa. Mfanye jaribio hilo mchangani, kila mtu, maana nimewahi kuona mtu mzima amepewa jaketi la mtoto na mtoto amepewa la mtu mzima. Zaidi ya majaketi, fungeni ndani ya mtumbwi madumu mawili matupu ya lita 20 yenye vifuniko vya kukaza, kwa kamba fupi. Dumu moja lililofungwa vizuri linawabeba watu wawili walioshikilia tu, vichwa vikiwa juu. Dumu halichukui nafasi ya jaketi. Ni la yule ambaye jaketi limemponyoka.

Mtumbwi ukipinduka, watu wabaki nao. Mbao inaelea hata ikijaa maji, na mtumbwi unaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Taa za nchi kavu usiku zinaonekana karibu mno, na anayeanza kuogelea kuzifuata mara nyingi hupatikana peke yake asubuhi. Nahodha aite majina kwa sauti, kila mmoja aitikie. Wakae wamekumbatiana, magoti kifuani, kwa sababu hata maji yetu ambayo hayaitwi ya baridi yanamnyonya mtu joto saa baada ya saa. Simu ya nahodha iwe ndani ya nailoni iliyofungwa, shingoni.

Na kabla ya kutoka, daftari. Jina la chombo, idadi ya waliomo, majina yao, wanaelekea wapi, watarudi saa ngapi. Asubuhi mtu wa BMU anatia alama, na mtumbwi usiotiwa alama hadi saa mliyokubaliana unaanza kutafutwa, haungojwi mpaka mke wa mvuvi aje kuulizia. Daftari hilo lina uzito kwetu watu wa kanda hii. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipopinduka ikiwa imekaribia Mwanza, na tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, hakuna aliyeweza kusema mara moja ni watu wangapi walikuwemo. Mwokoaji asiyejua idadi hajui lini aache kutafuta.

Misiba hiyo miwili ina somo jingine, na ningependa kila mwenye boti yenye chumba au injini ya ndani alijue. MV Bukoba ilibaki inaelea kichwa chini kwa muda, na waliokuwa wamenaswa ndani walisikika wakigonga. Waokoaji wakatoboa kitako cha meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imefungiwa mle, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiibeba meli na kuwapa pumzi waliokuwa ndani, ikatokea kwenye tundu, na meli ikazama. Zaidi ya watu 800 walikufa katika ajali ile, na sehemu yao wamezikwa Igoma. Siwalaumu waliotoboa. Walisikia watu wanagonga, na mkono wa mwanadamu hauwezi kutulia hapo. MV Nyerere, iliyokuwa na uwezo wa kubeba watu 101, ilipinduka siku ya gulio la Bugolora na kuua zaidi ya watu 220. Lakini siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa ndani yake fundi wa mitambo akiwa hai. Alikuwa amebaki sehemu yenye hewa. Kwa hiyo chombo kikigeuka na kikawa bado kinaelea, usikitoboe na usikipande juu. Kifungeni madumu na kamba pande zote ili kisizame, gongeni na msikilize, ombeni wazamiaji, na msiache kusikiliza siku ya pili.

Naandika haya kwa wavuvi kwa sababu wao ndio watakaofika kwanza. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikitua Bukoba iliangukia ziwani na watu 43. Waliookoka walikuwa 24, na waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi na makasia. Serikali inaendelea kuimarisha uokoaji wa majini hapa Mwanza, na hilo ni jambo jema sana. Hata hivyo boti ya uokoaji yenye mwendo kasi namna gani itahitaji muda kufika Igombe, sembuse visiwani, na mtu aliyezama ana dakika chache tu. Ujue namba: 114 ni Zimamoto na Uokoaji, 112 ni polisi wa dharura. Ukipiga, anza kwa kusema mahali, kwa jina la mwalo na alama iliyo karibu, kisha idadi ya watu, ndipo usimulie kilichotokea. Simu ikikatika baada ya sentensi ya kwanza, wawe tayari wanajua pa kuja.

Mtu akitolewa majini hapumui, tafadhali tuache desturi ya kumlaza kifudifudi na kumkamua tumbo, au kumshika miguu kichwa kikiwa chini. Maji yaliyoko tumboni siyo yanayomuua, na ukikamua yanaweza kupanda yakaingia kwenye mapafu. Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu, kichwa kirudi nyuma kidogo. Bana pua, mpulizie mdomoni pumzi tano mpaka uone kifua kinapanda, kwa sababu aliyezama amekosa hewa kwanza, moyo umefuata baadaye. Kisha weka viganja viwili katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu mara 30, kina cha sentimita kama 5, kwa kasi ya zaidi kidogo ya mara moja na nusu kwa sekunde. Pumzi mbili. Thelathini tena. Mpokezane, msiache mpaka aanze kupumua au mhudumu wa afya afike. Akizinduka, hata akisema yuko sawa na anataka kwenda nyumbani, apelekwe kituo cha afya, kwani mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumgeuka saa kadhaa baadaye.

Kwa mtoto anayezama karibu na ufukwe au kwenye Mirongo, usimrukie. Mpe kasia, fimbo, khanga iliyofungwa fundo, dumu lenye kamba. Anayezama hukamata chochote na kukizamisha, na nimeona familia ikizika wawili badala ya mmoja.

Kuhusu mtaa wenu, mkutano ujao usiombe kusomewa mwongozo tena. Uliza kamati ya maafa ya mtaa ni akina nani kwa majina, na namba zao zibandikwe ofisini kwa mtendaji. Uliza tukihama usiku ni jengo gani litafunguliwa, na ufunguo uko kwa nani. Hilo la ufunguo liulize hata kama watu wataona unasumbua. Uliza nani ana orodha ya wasioweza kutoka wenyewe: wazee, wajawazito waliokaribia, wenye ulemavu, watoto wanaobaki peke yao mama akiwa sokoni usiku. Orodha hiyo haihitaji bajeti, inahitaji mtu mmoja mwenye daftari na jioni mbili za kupita nyumba kwa nyumba. Kama hakuna aliyejitolea, jitolee wewe. Uliyeuliza swali hili unaiweza.

Na mama mkwe awe wa kwanza kwenye orodha hiyo. Umesema hasikii vizuri, kwa hiyo firimbi na ngurumo havitamwamsha. Usiku wa angalizo asilale chumba cha nyuma peke yake. Alale na mjukuu mkubwa, na mjukuu ajue kwamba kazi yake ni bibi tu, siyo mfuko wala wadogo zake. Mfundishe amwamshe kwa kumulika tochi ukutani na kumshika bega, asishtuke. Mume wako akiwa ziwani utahitaji mtu mzima wa pili wa kumsaidia bibi kupanda ngazi za mawe. Chagua jirani mwenye nguvu, mwambie leo jioni, na umwachie ufunguo wa akiba wa mlango wenu.